Mwanangu akiumwa tena na nyuki, atakufa?

Shikamoo mama nesi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sikonge mkoani Tabora. Baba watoto ni mfugaji wa nyuki, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mizinga yake mingi iko porini, ila miwili ameitundika kwenye mwembe nyuma ya nyumba, kwa kuwa ya porini inaibiwa na hii anaiona kwa macho yake.

Majuzi mwanangu wa pili, mvulana wa miaka saba, alikuwa anaokota maembe chini ya mti huo nyuki wakamvamia. Walimuuma watatu: mmoja kwenye kope, wawili mkononi. Mimi nilikuwa kisimani, nyumbani alikuwepo mama mkwe. Alimpaka mafuta ya taa mkononi, kwenye kope akampaka dawa ya meno, kisha akamchanja kwa wembe pale mkononi ili sumu itoke na damu. Nilipofika miiba ilikuwa bado imo kwenye ngozi. Walisema haishikwi kwa vidole, mpaka apatikane mtu mwenye kisu aikwangue.

Kesho yake jicho lilikuwa limefumba kabisa, na mkono umevimba kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, wa moto na unawasha. Homa hakuwa nayo, alikula na kucheza, ila usiku alikuwa analia kwa muwasho. Zahanati tulipewa vidonge vya antibayotiki na kuambiwa mtoto ana aleji, asiumwe tena. Foleni ilikuwa ndefu, sikupata maelezo zaidi. Uvimbe ulichukua karibu wiki nzima kwisha.

Sasa jirani yangu ananiambia mtoto akivimba hivyo mara hii, mara nyingine anakufa. Ananikumbusha mzee wa kijiji cha pili aliyeumwa na nyuki mmoja tu shingoni, akaanguka na kufa kabla hajafikishwa hospitali. Hilo ni kweli, tulikwenda kumzika. Tangu hapo sipati usingizi na mtoto simruhusu kutoka nje. Nilimwambia baba yake aachane na nyuki kabisa, akaniuliza ada za shule tutalipa kwa nini. Mama mkwe naye amenuna, anasema nimemfanya mchawi kwa kuwa niliuliza habari ya wembe.

Mama nesi, mwanangu yuko hatarini kweli? Akiumwa tena nifanye nini? Na hii mizinga?

Mama mwenye hofu, Sikonge

* * *

Marahaba mwanangu, na pole kwa yaliyowapata.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, mwanao hakupata ile aina ya mzio, yaani aleji, inayoua watu. Alichopata ni uvimbe mkubwa wa pale pale alipoumwa. Unatisha kuutazama, lakini ni jambo jingine kabisa na lile lililompata yule mzee, na jirani yako ameyachanganya mambo hayo mawili.

Nyuki akimuuma mtu, mwili hupambana na sumu mahali hapo. Kwa wengi panavimba kidogo, panauma saa chache, basi. Kwa baadhi ya watu mwili hupambana kwa nguvu kupita kiasi: uvimbe unaanzia penye mwiba na kusambaa, unazidi kukua kwa siku moja au mbili, halafu unaanza kunywea na kwisha ndani ya siku tano hadi kumi. Mkono wa mwanao ulifuata njia hiyo hiyo. Kope nalo ngozi yake ni laini na imelegea, likiumwa na nyuki hata kwa mtu asiye na mzio wowote, jicho litafumba. Kati ya watu mia waliowahi kuvimba hivyo, ni pungufu ya kumi ambao siku nyingine wakiumwa hupata mzio wa mwili mzima. Wengi wanaobaki watavimba tena vile vile, au kidogo zaidi ya watu wengine, na watapona. Kwa hiyo hatari ya mwanao si sifuri, na ndiyo maana nitakueleza kwa kirefu la kufanya. Lakini kumfungia ndani sioni sababu.

Mzio unaoua hauna habari na ukubwa wa uvimbe penye mwiba. Wenyewe huonekana mbali na hapo. Mtoto ameumwa mkononi, lakini vipele vya kuwasha vinatokea tumboni na mgongoni. Midomo au ulimi unavimba wakati haukuguswa na nyuki. Sauti inakuwa ya kukwaruza, anakohoa mfululizo, kifua kinabana na kutoa mluzi. Anatapika au tumbo linamkata. Anasema kizunguzungu, anakuwa mnyonge ghafla, analegea, anapoteza fahamu. Mara nyingi haya huanza ndani ya dakika chache, na aghalabu ndani ya nusu saa. Vipele peke yake mwilini ni onyo, mpeleke zahanati. Vipele pamoja na shida ya kupumua, au kutapika, au kulegea, hiyo ni dharura na kila dakika ina thamani yake. Na wapo wanaozidiwa pumzi au kuzimia bila kipele hata kimoja, usisubiri vipele ndipo uamini.

Dawa ya hali hiyo ni moja: adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Piriton na setirizini hutuliza muwasho na vipele, lakini hazifungui koo lililovimba wala hazipandishi presha iliyoanguka. Sindano ya haidrokotizoni nayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu watu hupotea mbele ya wauguzi wakiwa wamepewa dawa hizo tu, na adrenalini iko kabatini. Kwa mhudumu atakayesoma hapa: ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, ile ya 1:1000, kwa mtoto isizidi miligramu 0.3 na kwa mtu mzima 0.5, na hurudiwa baada ya dakika tano kama hajapata nafuu.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, wiki hii mtoto akiwa mzima, ni kwenda zahanati na kuuliza waziwazi: "Adrenalini mnayo?" Ni dawa iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya taifa, bei yake si kubwa, hivyo usione aibu kuuliza. Waombe waangalie kwamba haijapita muda wake na haijageuka rangi ya kahawia. Wakisema hawana, uliza kituo cha afya kilicho karibu, na ujue mapema kuwa huko ndiko mtakakokimbilia. Chukua namba ya simu ya mhudumu wa zamu. Zile sindano za kalamu ambazo mgonjwa hutembea nazo mfukoni na kujichoma mwenyewe ni za kutafutwa kwa tochi kwetu na bei yake si ya mwananchi wa kawaida, kwa hiyo tegemeo lako ni kituo na usafiri wa kukufikisha.

Na usafiri wenyewe uufikirie. Mtu aliyeshuka presha akiinuliwa ghafla akae au asimame, damu haifiki vya kutosha kichwani na kwenye moyo, na wapo waliokufa hapo hapo walipoinuliwa. Mlaze chali, miguu iinuliwe juu ya mto au begi. Akiwa anahema kwa shida mwache akae akiegemea, miguu imenyooshwa mbele. Akitapika mlaze ubavu. Kumpandisha bodaboda mtoto aliyelegea, akiwa wima katikati ya watu wawili, ni kumwongezea hatari. Tafuta bajaji au gari alale, hata kama ni la jirani anayebeba mahindi. Mpigie mhudumu mkiwa njiani awe tayari. Na akishachomwa sindano akapata nafuu, msikimbilie kurudi nyumbani. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, akae chini ya uangalizi.

Sasa tuje kwenye siku ya kawaida, maana kwa familia ya mfugaji siku hiyo itakuja.

Umesema miiba ilikaa kwenye ngozi ikisubiri kisu. Hapo ndipo palipoharibika kuliko penginepo. Mwiba wa nyuki una vimeno vilivyogeukia nyuma, ukishaingia hautoki, nyuki anapojinasua unabaki na kifuko cha sumu juu yake. Ukiutazama kwa karibu utaona kakitu keupe, kadogo kuliko punje ya ulezi, kanajiminya na kuachia chenyewe, nyuki akiwa keshakwenda zake. Kila kikijiminya sumu inashuka. Sehemu kubwa ya sumu huwa imeshaingia ndani ya sekunde ishirini hivi, na kufikia dakika moja kifuko kimekwisha. Hayo ya kukwangua kwa kisu yalifundishwa miaka mingi hata kwenye vitabu vya huduma ya kwanza, kwa hofu kwamba vidole vitakiminya kifuko. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao kwenye jarida la tiba la The Lancet baada ya kupima jambo hilo: kuukwangua au kuung'oa kwa vidole hakukuleta tofauti katika uvimbe, kilicholeta tofauti ni kuchelewa. Kwa hiyo vidole, kucha, chochote kilicho karibu, na upesi. Mfundishe mtoto mwenyewe autoe, miaka saba anaweza, na dada yake na kaka yake pia. (Manyigu haachi mwiba, ndiyo maana anaweza kuuma mara nyingi. Ukikuta hakuna mwiba usihangaike kuuchimba.)

Lakini kwanza aondoke pale. Mwiba ukiachwa kwenye ngozi hutoa harufu inayowaita nyuki wengine. Ukinusa karibu ni kama harufu ya ndizi mbivu. Akisimama chini ya mwembe kutoa miiba watamwongezea. Akimbie moja kwa moja aingie ndani, mikono au shati vikinge uso, mlango ufungwe, na huku anakimbia anaitoa ile anayoifikia. Kuwapunga kwa mikono kunawachokoza. Kujitumbukiza kwenye lambo si kinga, nyuki humsubiri juu ya maji ainue kichwa. Nyuki wetu si wa kuchezea: ndio ukoo uliochukuliwa kutoka Afrika Kusini na Tanganyika kwenda Brazili mwaka 1956, makundi yakatoroka mwaka uliofuata na kusambaa sehemu kubwa ya Amerika Kusini na ya Kati hadi Marekani, huko wakaitwa nyuki wauaji. Sumu ya nyuki mmoja haina tofauti kubwa na ya nyuki wa Ulaya. Tatizo ni kwamba hawa wetu hutoka wengi na hufukuza mbali. Mtoto akiumwa na makumi ya nyuki, mpeleke hospitali hata kama haonyeshi mzio wowote, kwa sababu sumu nyingi huharibu misuli na figo, na dalili kama mkojo wa rangi ya chai ya rangi zaweza kuja siku ya pili. Nyuki akimuuma ndani ya mdomo au kooni, au kwenye mboni ya jicho lenyewe, hapo pia usingoje.

Akiwa ameumwa na wachache na hali yake ni nzuri, vua haraka bangili, shanga au kamba ya mkononi kabla uvimbe haujaibana. Osha kwa maji na sabuni. Kama hamna friji, maji ya mtungini yanatosha: lowesha kitambaa, kamua, weka robo saa, pumzika, rudia. Mkono uinuliwe juu ya mto. Kwa muwasho, mtoto wa umri wake hupewa setirizini miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, inapatikana duka la dawa. Na krimu ya haidrokotizoni asilimia 1 mkononi, ila isisogee karibu na jicho. Maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Mkate kucha, kwa sababu usiku atajikuna hadi atoke damu, na vidonda vya kujikuna ndivyo huingiza vijidudu.

Antibayotiki alizopewa sidhani kama zilikuwa za lazima. Mkono kuvimba, kuwa mwekundu na wa moto siku ya kwanza na ya pili ni sumu inayofanya kazi, vijidudu bado. Ungeniambia wekundu ulianza kuongezeka siku ya tatu au ya nne wakati ulikuwa umeshapungua, pamoja na homa, usaha au mstari mwekundu unaopanda mkono, hapo ningesema apewe bila kuchelewa.

Kuhusu mama mkwe. Alikuwa peke yake na mtoto anayelia, akafanya alichofundishwa na waliomtangulia. Hilo uliweke mbele unapoongea naye. Hata hivyo mafuta ya taa huunguza ngozi, na mvuke wake kwa mtoto mdogo huumiza mapafu. Laiti yangeingia kwenye jicho tungekuwa tunaongea mengine. Dawa ya meno ina ubaridi unaodanganya kwa dakika chache, lakini haizuii sumu, na kwenye kope ni hatari kwa jicho. Wembe hautoi sumu ya nyuki. Sumu hiyo ni kidogo mno na huwa imeshaingia ndani ya nyama kabla hujaufungua huo wembe. Usimweleze kwa kumhoji mbele ya watu. Kaa naye jikoni, mwombe akusaidie kitu: "Mama, wewe ndiwe unayebaki na watoto. Akiumwa tena, mkimbize ndani, mtoe mwiba hapo hapo kwa vidole, muwekee maji ya mtungini. Akianza kukohoa au kulegea, mlaze, upige namba hii." Mpe namba ya zahanati kwenye karatasi. Bibi aliyelea watoto wote hao akipewa kazi ya maana ataifanya vizuri kuliko mimi na wewe.

Na baba watoto. Sitakwambia avunje mizinga, na wala sioni haja. Lakini ile miwili ya mwembe iondoke, hilo nakuunga mkono kabisa. Nyuki hawapaswi kuwa nyuma ya nyumba yenye watoto. Mita mia tatu kutoka kwenye makazi, njia na shule si nyingi kwa nyuki wa aina hii. Aihamishe usiku, wote wakiwa ndani, tundu limezibwa vizuri. Asiisogeze mita mia mbili akadhani kamaliza: nyuki wanaijua anwani yao, asubuhi wakitoka malishoni watarudi kwenye mwembe ule ule na kurandaranda uani. Aipeleke porini kwenye ile mingine, kilomita tano au zaidi, hapo watajifunza upya. Huko awawekee maji karibu, hasa kiangazi, la sivyo watafuata ndoo zako na beseni la vyombo.

Hofu yake ya wizi ni ya haki, na ada ni ada. Mwulize kama amewahi kufikiria nyuki wadogo, wale wasiouma. Hao mizinga yao yaweza kukaa ukutani kwa nyumba na watoto wakicheza chini yake. Asali yao ni chache, ila bei yake kwa lita ni kubwa kuliko ya nyuki wakubwa, na wateja wanaitafuta.

Liko jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawaambiwi. Watu wa nyumbani kwa mfugaji, hasa mke na watoto, wanapata mzio wa nyuki kwa urahisi kuliko watu wengine. Yeye mwenyewe anaumwa mara nyingi mwili unazoea. Ninyi mnaumwa mara moja moja, na katikati mnavuta vumbi la sumu na mabaki ya nyuki yaliyokauka kwenye nguo zake. Basi ovaroli, glovu na kofia ya wavu visiingie chumbani na visikung'utwe uani. Avivulie mbali, vifuliwe peke yake, vikae stoo. Na wewe mwenyewe ukianza kuwashwa mwili mzima ukiumwa, usidharau kwa kuwa ni mtu mzima.

Kama mwanao ana pumu, niandikie tena, kwa sababu hapo mambo yanabadilika na ningetaka aonwe na daktari mapema. Na ikitokea siku moja akapata zile dalili za mwili mzima, akipona omba rufaa kwenda hospitali kubwa. Kuna matibabu ya kuuzoesha mwili sumu ya nyuki kwa sindano ndogo ndogo kwa miaka mitatu hadi mitano, yanafanya kazi vizuri. Kwetu si rahisi kuyapata, lakini daktari ajue historia yake na iandikwe kwenye cheti chake.

Mwisho, zile chale. Chukua kadi yake ya chanjo mkiwa mnakwenda kuulizia adrenalini, uwaambie alichanjwa kwa wembe na lini. Chanjo za pepopunda alizopata akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne ni za zamani sasa, waangalie kama anahitaji nyongeza. Wembe wenyewe kama ulishatumika kwa mtu mwingine, waambie na hilo bila kuficha, wampime.